Fomu Isiyokuwa na Baridi

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na nilizisoma zote nikiwa bado nimesimama kwenye kibaraza cha ofisi. Ndivyo nilivyo: karatasi yoyote ikiingia mkononi mwangu lazima niisome mpaka mwisho, hata ile ya kufungia karanga. Iliuliza jiko limetengenezwa kwa bati gani. Iliuliza linakula makala, yaani makaa, kiasi gani kuchemsha maji, linatoa moshi kiasi gani, lina miguu mingapi. Iliuliza hata kama mwombaji ana anwani ya kudumu. Hakuna mahali ilipouliza kama jiko linapasha nyumba joto. Nilirudia tangu mwanzo nikidhani nimeruka mstari, lakini sikuwa nimeruka.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, mbabula yake imefungwa kwa kitenge mbele ya miguu yake. Mbabula ni lile jiko letu la bati la kuwashia makala. Hakuna ua Lubumbashi usiokuwa nalo.

"Banaulizia nini?" akaniuliza.

"Mambo ya kupika, mama. Baridi haiko mu hii karatasi."

"Haiko hata kidogo?"

"Haiko."

"Ule mwenye kuiandika anaikala wapi?"

Swali lilinipendeza, na tangu siku ile nililibeba kama langu. Maana nani amewahi kukaa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba asijue baridi? Maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole. Mimi ni mwalimu wa fizikia na kemia, na katika miezi hiyo wanafunzi wangu wanakuja darasani na makoti ya baba zao, mikono imepotelea ndani, na chaki inanidondoka. Wageni wanaoshuka kwenye ndege na vishati vyao vyepesi tunawatazama tu, tunacheka. Nyumba zetu ni za matofali na mabati, hazina bomba la moshi, na umeme ni mgeni anayekuja bila hodi na kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo watu wanawasha mbabula nje, wanangoja moshi uishe na makala yawe mekundu, halafu wanaiingiza chumbani, wanafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kitambaa. Wanaamini kwamba kinachoua ni moshi, na moshi ukiisha hatari nayo imeisha.

Sivyo, na nimekuwa nikilisema ubaoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasinzia, basi.

Mdogo wangu nilimfundisha somo hilo mwenyewe, akiwa ameketi dawati la pili, na alipata alama nzuri. Misimu miwili ya baridi kabla ya haya ninayoyasimulia, siku ya tisa baada ya kujifungua, mama alimkuta asubuhi amekufa kitandani, mbabula iko pembeni, dirisha limefungwa. Mtoto wake alinusurika kwa sababu usiku ule alilala na mama chumba cha pili, ili mzazi apate usingizi. Baba wa mtoto alikuwa ameshakwenda zake tangu mimba haijaonekana. Basi mtoto tunamlea sisi wawili, mama na mimi ambaye sikujaliwa wa kwangu.

Nilimlilia mdogo wangu, na nilimkasirikia. Nasema kama ilivyokuwa. Kaburini, watu wakitupa udongo, mimi moyoni nilikuwa nikimgombeza: wewe uliyesoma, wewe niliyekufundisha mimi, umeingizaje moto ndani ya chumba kilichofungwa? Hasira hiyo haikuisha na matanga. Kila mwaka nikifika kwenye somo lile sauti yangu ilipanda yenyewe, mpaka wanafunzi wakawa wanatazamana.

Mama hakumgombeza mtu. Matanga yalipokwisha, alianza kuchimba udongo.

Yeye ni mtu wa Mitwaba, kule kaskazini, na anasema baridi ya Mitwaba haina mchezo. Alipokuwa msichana, mama yake alikuwa akipanga mawe pembeni ya moto wakati wa kupika. Chakula kikiisha, moto unaachwa nje ufe, na mawe yanafungwa kwenye nguo kuukuu na kuwekwa miguuni mwa waliolala. Alipoolewa na mfanyakazi wa reli na kuja mjini, aliyaacha mawe hukohuko, kwa kuwa mjini kuna makala na makala ni maendeleo. Sasa aliyarudia, ila kwa akili yake mwenyewe. Alichukua udongo wa kichuguu huko Naviundu, akauchanganya na vigae vilivyopondwa na majivu, akafinyanga pete nene ya vipande viwili inayokaa ndani ya mbabula, ikiuzunguka moto. Unapika ugali wako na mboga yako, mnakula. Kisha unaitoa pete kwa ndoano ya chuma, unaiweka kwenye beseni lenye mchanga, unaiingiza chumbani. Moto unabaki nje. Kinachoingia ndani ni joto peke yake.

Ukiisikia hivi unadhani ni jambo la siku mbili. Pete za kwanza zilipasuka zote. Zilizofuata zilipasuka pia, nyingine kwa mlio uliomfanya fundi wa bati, aliyekuwa akitutengenezea maganda ya mbabula, aruke na kuacha nyundo yake. Mimi nilikuwa nikichutama pale nikiuliza. Kwa nini majivu? Kwa nini udongo wa kichuguu na siyo wa mtoni? Ukiongeza unene, joto linakaa zaidi au linachelewa tu kuingia? Mama alikuwa akinijibu moja kati ya maswali matatu.

"Unauliza mingi," alikuwa akisema. "Shika hapa."

Mwaka ukaisha hivyo. Hatimaye zikapatikana pete zisizopasuka, na mtawa anayesimamia nyumba ya wazazi ya parokia yetu akaja kuziona. Aliweka miguu karibu na pete nusu saa nzima, hataki kuondoka. Alitaka ziwe kwenye chumba cha wazazi, na kila mama anayerudi nyumbani na kichanga wakati wa baridi apewe ya kwake. Ila akasema, bila karatasi ya mkoa siwezi kuingiza kitu kipya mahali wanapolala wagonjwa. Mkoa, kwa upande wake, tangu watu walipoanza kulalamikia misitu inayoisha kwa ajili ya makala, ulikuwa ukidai kila jiko la kubana makala lipimwe na kupewa kibali. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mama alikuwa na jambo moja tu kichwani: kibali kitoke kabla baridi haijaingia, wazazi wa mwaka huu wasilale na moto.

Ndiyo maana tulikuwa pale kibarazani na ile fomu isiyokuwa na baridi.

Mhandisi aliyetupokea alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, meza yake haina hata karatasi moja iliyopinda. Aliniita mwalimu kabla sijamwambia kazi yangu. Nadhani inaonekana usoni.

"Mwalimu, hii fomu iko ya mbabula ya kupikia," akasema. "Chauffage haiko. Congo iko inchi ya joto."

Chauffage ndilo neno letu la Kifaransa la kupasha nyumba joto. Tunalo neno, ila mashine zake hatuna.

"Nani alisema ni nchi ya joto?" nikamuuliza.

"Njo vile banaandika," akasema, yaani ndivyo wanavyoandika.

"Wewe ulizaliwa wapi?"

"Kasenga."

"Aa! Basi nimeelewa."

Akacheka, maana alijua ninachosema. Kasenga iko chini kule, kando ya Luapula, na mtoto aliyekulia pale baridi ni habari ya kusimuliwa. Lakini kucheka hakukubadilisha fomu. Alisema anaweza kuipima mbabula ya mama kama jiko la kupikia, ikifaulu ipate kibali cha kupikia, na mengine tutaona. Akatupangia siku.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Unapima maji, unapima makala, unawasha, unangoja maji yachemke, unaangalia saa, unazima, unapima makala yaliyobaki. Mhandisi alilipanga kwenye ua wa ofisi, mizani mezani, akatuomba tusiguse kitu. Mama aliitikia kwa heshima. Tukaketi sisi watatu tukitazama sufuria. Maji yakaanza kuimba. Nikaona mkono wa mama unakwenda kwenye kikapu chake, unatoka na konzi ya unga, na kabla sijafungua mdomo unga ulikuwa ndani ya maji.

"Mama!" Mhandisi alisimama. "Unafanya nini?"

"Maji inaanza kupata moto. Njo saa ya kutia unga."

"Lakini ni maji tu njo tunapima!"

"Papa, maji matupu kwetu tunachemushaka juu ya kuosha maiti. Siwezi kuikala na bageni, natazama maji matupu. Nilishafanya vile mara moja. Siwezi tena."

Nilikuwa pale siku ile anayoitaja. Niliketi naye tukingoja maji ya kumuogeshea mdogo wangu yapate moto, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba sufuria ya maji ingeweza kumrudisha pale. Mhandisi aliandika kwenye karatasi yake kwamba jaribio limebatilishwa. Halafu akatazama sufuria, akatazama saa, akauliza kama sasa unga ukishatiwa mtu anafanya nini. Mama alisonga bukari, ndivyo tunavyouita ugali, na kikapuni mlikuwa na mboga ya lengalenga iliyokwisha kukatwakatwa, tena na chumvi. Hapo nilijua mkono wake haukuteleza. Alikuja amejiandaa kulisha ofisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila safari hii wageni walikuwa sisi.

Jaribio la pili lilifanyika baada ya juma moja. Tulimwomba mama akae nje ya lango na kutugeuzia mgongo. Maji yalichemka matupu, na mimi niliyatazama kwa niaba yake, na sikuyapenda. Mhandisi alipiga hesabu mara mbili, akavua miwani.

"Mwalimu, hii inakula makala kupita mbabula ya soko. Na inachelewa."

Nilimwomba anionyeshe. Kwenye karatasi yake kulikuwa na mstari wa joto lililoingia kwenye maji, na chini yake mstari mwingine: joto lililopotea. Kwenye mbabula ya mama mstari wa pili ulikuwa mnene kuliko wa kwanza. Hapo nilihisi furaha ile ninayoipata mwanafunzi mbishi anapouliza swali zuri, furaha isiyofaa kwa mtu ambaye amekwisha kushindwa.

"Limepotea limekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Limepotea tu. Liko mu hewa."

"Umelitafuta?"

Nilikuwa nimekuja na kipimajoto cha shule mkobani. Nilikisogeza kwenye pete. Tulikuwa tumeshazima moto na kunywa chai nzima, lakini zebaki ilipanda mpaka nikakiondoa nisije nikakipasua kipimajoto cha watu. Mhandisi alinyoosha kiganja juu ya udongo, akakirudisha haraka.

"Hili hapa joto lako lililopotea," nikamwambia. "Wewe unapima mpaka maji yachemke, halafu unafunga daftari. Mama yeye ndipo anapoanza."

Alizunguka mbabula mara moja, akachutama na shati lake la pasi. Kisha akaanza kuniambia habari za mama yake kule Kasenga, aliyekuwa akikausha samaki kwenye tanuri la udongo. Kuni zikiisha na samaki wakitolewa, watoto wote walikuwa wakienda kuegemea tanuri, na lilikuwa bado lina moto hata jua likichomoza. Alikuwa ameegemea tanuri lile utoto wake mzima, akasema, na baadaye akaenda chuo kikuu akafundishwa kuliita joto lililopotea.

Kuanzia hapo tukawa wawili wenye ugonjwa mmoja. Alipekua sheria yote ya mkoa usiku na mchana, akanipigia simu nikiwa darasani. "Mwalimu, haikatazi! Haisemi tu kintu!" Alitaka tumwandikie mkubwa wake, tuombe ukurasa wa tano uongezwe kwenye fomu, ukurasa wa kupasha nyumba joto. Mkubwa alijibu kwamba hana neno, ila alete ushahidi kutoka kwenye nyumba wanamolala watu, siyo kwenye ua wa ofisi.

Basi nikaigeuza nyumba yetu maabara. Nilitundika kipimajoto kimoja ukutani kwa mama, kingine kwa urefu wa kitanda, kingine karibu na sakafu. Jioni baada ya kula nilisoma, alfajiri nikasoma tena. Leo na pete, kesho bila pete. Sijui kama nimewahi kufurahia kazi namna ile. Niligundua kwamba chumba kizima hakipati joto kama nilivyotumaini, lakini miguuni mwa kitanda panapata, na ukuta wa matofali ulio karibu na pete unabaki na uvuguvugu mpaka asubuhi. Niligundua pia kwamba kipimajoto cha kwanza nilikuwa nimekitundika karibu na ufa wa dirisha kama mjinga, nikalazimika kuanza upya. Na paka wa jirani, ambaye hakuwahi kutujali, alihamia kwetu usiku wa pete na kurudi kwao usiku usio na pete. Nilimwandika daftarini. Mhandisi alisema paka atolewe kabla ya kupeleka kwa mkubwa, nikamtoa kwa uchungu.

Mama alituangalia tukibishana juu ya vipimo, mjukuu mgongoni.

"Nyinyi bawili," akasema siku moja, "munapenda kujua kupita kusaidia."

Lilinichoma kidogo, kwa kuwa ni kweli. Nilimjibu kwamba kujua ndiko kusaidia. Alionekana anataka kusema jambo, halafu akamshusha mtoto na kwenda kuangalia mboga.

Mwezi wa tano, baridi imeshaanza kunusa mlangoni, mhandisi alileta habari. Mkubwa amekubali na amekwisha kutia sahihi. Ukurasa wa tano upo, umepigwa chapa, na ombi letu litakuwa la kwanza kuutumia. Kila pete itatolewa na nakala ya ukurasa huo, isomewe mama atakayepewa. Kilichobaki ni mimi kuujaza na mama kuweka kidole, kwa kuwa hajui kuandika. Niliujaza nyumbani kwa Kifaransa, nikiwa katikati ya kusahihisha mitihani. Unene wa pete. Saa ngapi inakaa na joto. Namna ya kuitoa bila kuungua. Swali la mwisho, ambalo mhandisi alilitunga mwenyewe, liliomba kutaja ajali inayojulikana na mwombaji iliyotokana na kuingiza moto chumbani, na chanzo chake. Niliandika: kifo cha mtu mmoja. Chanzo: uzembe wa mtumiaji. Nakumbuka kalamu haikusita hata kidogo.

Asubuhi ya kuweka kidole tulikwenda tumejifunika, mama na vitenge viwili. Mhandisi alikuwa amevaa sweta chini ya koti, mtoto wa Kasenga amekomaa. Kidau cha wino kilikuwa tayari mezani. Utaratibu unasema asiyesoma asomewe yote kabla ya kuweka kidole, basi akasoma, anageuza Kifaransa changu kuwa Kiswahili chetu, na mama akawa anatikisa kichwa kila mstari. Unene, ndiyo. Saa, ndiyo. Ndoano, ndiyo. Alikuwa ameshachovya kidole kwenye wino.

"Aksida: muntu moja alikufa," mhandisi akasoma. "Juu ya nini: uzembe ya mwenye kutumia."

Mama akakirudisha kidole.

"Rudilia."

Akarudia.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, mama," nikasema.

"Tosha." Kwetu tosha ni toa.

Nilimweleza polepole, kama anavyoelezwa mtu mzima asiyeelewa karatasi. Sahihi ya mkubwa ipo. Kidole kikiwekwa leo, mtawa anaanza kugawa pete juma hili. Kisipowekwa, ombi linarudi mwanzo, na kule kwenye nyumba ya wazazi kuna wanawake wamejifungua jana na juzi. Ni maneno mawili matatu tu, nikamwambia, hayana kazi.

"Tosha kwanza," akasema. Halafu akamgeukia mhandisi, siyo mimi.

"Papa, ule usiku, mimi njo nilimupelekea moto. Alikuwa anatetemeka. Muzazi haifai asikie baridi. Mimi nilizala batoto yangu yote na moto mu nyumba, lakini ile ilikuwa nyumba ya majani, haikukuwa nyumba ya kufungwa hivi. Nilimuingizia mbabula, nikafunga dirisha, nikabeba mutoto. Alikataa. Aliniambia, mama, tosha hii, yaya alikatazaka. Nikamujibu, yaya yako hayazala, anajua nini? Akanyamaza. Alikuwa mutoto wa heshima."

Yaya ni mimi. Ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake kwetu.

Sikuweza kuinua macho. Misimu miwili nilikuwa nikimgombeza maiti asiyekuwa na kosa. Aliyakumbuka yote niliyomfundisha, tangu lile dawati la pili. Aliyasema, tena kwa jina langu, na jina langu halikutosha kwa kuwa sijazaa. Na akamtii mama. Nilijaribu kumkasirikia mama, palepale kwenye kiti. Nilijaribu kwa bidii, na hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, na baada ya aibu hamu kubwa ya kumwona mdogo wangu dakika moja tu nimwambie, umefaulu.

Mhandisi alikuwa amevua miwani. "Mama," akasema taratibu, "pale tunaweza kuacha vile, bila kuandika. Hakuna mwenye ataulizia."

"Hii karatasi batasomea bamama kule?"

"Ndiyo, mama. Kila mutu mwenye kupata pete."

"Basi bajue. Ku masomo banaogopesha batoto bure. Sisi bamama njo tunaingizaka moto." Akanisukumia ukurasa. "Andika."

Nilipiga mstari juu ya maneno yangu. Pembeni nikaandika kwamba marehemu aliijua hatari na alikataa, na mama yake alimlazimisha kwa mapenzi. Nikamsomea. Alisikiliza, kidole chake cheusi kwa wino kimeinuliwa hewani asichafue meza.

"Toa mapenzi," akasema. "Na utie ile ya yaya."

Nikayafuta mapenzi. Nikaongeza kwamba alisema dada yake mkubwa alimkataza. Nafasi ilikuwa imeniishia, maandishi yakapanda juu ya mstari, na ndivyo yalivyo mpaka leo kwenye kila nakala. Mama akachovya kidole upya, akakiweka juu ya ukurasa, akakibonyeza, akakiacha pale mpaka mhandisi akamwambia, "Inatosha, mama."